Mwanao akitaka kulenga visahani: Bunduki ipi imfae, na nyumbani itakaa wapi?

KWA mzazi aliyekulia Kisumu, Tanga au Bujumbura, shotigani ni bunduki ya mlinzi wa benki, au ya mkulima anayefukuza nguruwe pori shambani. Si kifaa cha michezo, na wala si kitu ambacho mtoto wa miaka 14 angekabidhiwa kwa baraka za shule yake.

Ndiyo maana wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki wanaoishi Marekani hushtuka mtoto anaporudi nyumbani na fomu ya kujiunga na timu ya kulenga visahani. Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi hasa katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis kama Brooklyn Park, ndiko ligi ya mchezo huo kwa wanafunzi ilikoanzia mwaka 2001. Leo timu za aina hiyo zipo katika majimbo mengi. Wasichana na wavulana hushindana pamoja, na mtoto asiye na mbio wala urefu wa kucheza mpira wa kikapu naye hupata nafasi.

Swali la kwanza la mzazi huwa, "Ninunue bunduki gani?" Ni swali zuri, lakini lina mengine nyuma yake: bega la mtoto, masikio yake, jicho analolengea, na mahali bunduki hiyo itakapolala usiku baada ya mazoezi. Makala haya yanayachukua yote kwa pamoja, kwa sababu katika afya ya familia hayatenganishiki.

Mchezo wenyewe ukoje?

Visahani vinavyolengwa huitwa vya udongo kwa mazoea tu. Siku hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa lami na unga wa chokaa, na upana wake ni takribani sentimita 11. Mashine hukirusha kisahani hewani, mchezaji hukifuata kwa mtutu na kukipasua. Shotigani haitoi risasi moja bali hutoa marisau, yaani vipira vidogo mamia kadhaa vinavyosambaa kadiri vinavyokwenda.

Kuna michezo mitatu mikubwa. Wa kwanza ni trapu. Mchezaji husimama nyuma ya kibanda cha mashine, kwa kawaida mita 14.6 katika trapu ya Kimarekani, na visahani hukimbia kwenda mbele yake vikipinda kushoto au kulia. Duru moja ina visahani 25, na kila kimoja hupigwa risasi moja. Huu ndio mchezo mkuu wa ligi za shule.

Wa pili ni skiti, uliobuniwa Massachusetts katika miaka ya 1920. Hapa vibanda ni viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi, na visahani hukatiza mbele ya mchezaji anayehama kituo hadi kituo. Wakati mwingine viwili hurushwa kwa pamoja.

Wa tatu huchezwa porini au kwenye vilima. Mchezaji hutembea kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila kituo kina visahani vya namna yake: vinavyopanda, vinavyoshuka, hata vinavyobingirika chini kama sungura anayekimbia.

Trapu na skiti ni michezo ya Olimpiki, na watu wa Ghuba wanaijua vizuri. Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alitwaa dhahabu mjini Athens mwaka 2004 katika trapu ya visahani viwili. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata shaba ya skiti katika Olimpiki ya Tokyo akiwa na umri wa miaka 57. Kim Rhode wa Marekani alirudi na medali kutoka Olimpiki sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2016. Ni mchezo ambao mtu anaweza kuuanza utotoni na kuendelea nao hadi apate wajukuu.

Azima kwanza

Kabla ya duka, nenda kwa kocha. Timu nyingi na klabu za shabaha huwa na bunduki za kuazima, na wachezaji wakubwa huwaachia wadogo wajaribu zao chini ya usimamizi. Mtoto akipiga duru nne au tano kwa bunduki tofauti, utajua mambo mawili: kama kweli anaupenda mchezo, na ni bunduki ya namna gani mwili wake unaikubali.

Ukinunua kabla ya hapo unanunua kwa kubahatisha. Miezi miwili baadaye mtoto anaweza kuhamia riadha, nawe ukabaki na silaha chumbani ambayo hukuwahi kuitaka.

Kwa familia nyingi, bunduki ya timu inayolala kwa kocha ndiyo jibu bora kwa msimu mzima wa kwanza. Usione haya kuliomba hilo.

Aina tatu utakazooneshwa dukani

Ikifika zamu ya kununua, muuzaji atakuonesha hasa aina tatu zinazofaa michezo yote.

Kuna ya pampu, ambayo mchezaji huvuta mkono wa mbele ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Remington 870, iliyoingia sokoni mwaka 1950, ndiyo inayojulikana zaidi. Ni imara na bei yake ni nafuu kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba teke lote la bunduki hufika begani, na mtoto hupata shida visahani viwili vinaporushwa kwa pamoja kwa sababu lazima avute pampu katikati.

Kuna inayojipakia yenyewe. Nyingi za aina hii hutumia gesi ya risasi iliyolipuka kuendesha mtambo wake, kama ilivyo Remington 1100 ya mwaka 1963 na nyingi za Beretta za leo. Kazi hiyo ya gesi hupunguza teke linalomfikia mchezaji. Kwa mwili mdogo hiyo ni faida kubwa. Hasara yake ni mbili: inahitaji kusafishwa mara kwa mara, na hurusha ganda la moto upande wa kulia, alikosimama mwenzake. Kuna vizuizi vidogo vya kukamata ganda hilo. Hakikisha bunduki ya mwanao inacho.

Ya tatu ina mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Hukunjwa katikati kama kitabu. Kocha akiwa hatua kumi anaona kwamba imefunguliwa na haina kitu, na kwa mzazi mwenye wasiwasi hilo lina thamani kubwa. Kila mtutu unaweza kubanwa kwa kiasi chake, jambo linalosaidia katika skiti na mchezo wa porini. Lakini ni ghali, mara nyingi dola 2,000 na kuendelea kwa iliyotengenezwa kwa mashindano, na teke lake ni kali kuliko la bunduki ya gesi yenye uzito uleule.

Jihadhari na aina ya nne: bunduki ya trapu tupu, kama Browning BT-99, yenye mtutu mmoja na risasi moja. Kwa trapu ya Kimarekani ni nzuri sana. Ila siku mwanao atakapotaka kujaribu skiti, ambako kuna visahani viwili, itabidi ununue nyingine. Bunduki nyingi za trapu pia zimeundwa zipige juu kidogo ya pale jicho linapolenga, kwa kuwa kisahani cha trapu huwa kinapanda. Kwa kisahani kinachoshuka, tabia hiyo inamponza mchezaji.

Geji, uzito na bega la mtoto

Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na hesabu yake imegeuzwa: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Geji 12 ina upana wa takribani milimita 18.5, geji 20 ni karibu milimita 15.6.

Wengi watakuambia umnunulie mtoto geji 20 kwa kuwa ni ndogo. Ni kweli kwa nusu tu. Bunduki ya geji 20 mara nyingi ni nyepesi, na bunduki nyepesi hupiga teke zaidi kwa risasi ileile. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye mwili, geji 12 ya gesi yenye uzito wa kilo 3.5 hivi, ikipakiwa risasi nyepesi ya gramu 24 au 28 za marisau, inaweza kuwa laini zaidi begani kuliko geji 20 nyepesi yenye risasi kali. Gramu 24 ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Olimpiki, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni risasi za kitoto.

Kwa mtoto mdogo wa mwili, geji 20 ya gesi yenye kitako kifupi ndiyo ya kuanzia.

Jaribu hili dukani. Bunduki ikiwa tupu, na muuzaji na wewe mkiwa mmehakikisha ni tupu, mtoto aiweke begani huku mdomo wa mtutu ukielekea upande salama. Ahesabu hadi 30. Akianza kuegemea nyuma na kutoa tumbo mbele ili kuushika uzito, bunduki hiyo ni nzito kwake leo, hata kama mwakani ataimudu.

Kwa nini jambo hili ni la afya? Mtoto anayeumizwa na teke hujifunza kulihofu. Hufumba macho na kukaza shingo kabla ya kufyatua, kisha hupata michubuko begani na shavuni na kuumwa kichwa baada ya mazoezi. Kuuondoa mshtuko huo huchukua muda mrefu kuliko kuuzuia. Michubuko ya kila wiki si alama ya ushujaa. Ni dalili kwamba bunduki haimfai, risasi ni kali au anaishika vibaya. Maumivu yasiyoisha baada ya siku chache yampeleke kwa daktari, kwa kuwa mifupa ya kijana bado inakua.

Kuna onyo moja ambalo kila mzazi alikariri. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mchezaji akidhani hakupakia, akatia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Kwa sababu hiyo maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki za geji mbili isichanganye risasi zake katika mfuko mmoja hata siku moja.

Bunduki imvae kama kiatu

Shotigani ya visahani hailengwi kwa kutuliza jicho kama bunduki ya kuwindia swala. Mchezaji huiweka shavuni, huangalia kisahani, na bunduki huenda jicho linakokwenda. Isipomkaa vizuri, atakosa kila siku bila kujua kwa nini.

Mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni urefu wa kitako. Bunduki ikiwa begani, kati ya pua ya mtoto na kidole gumba cha mkono unaofyatua pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Pua ikigusa kidole, kitako ni kifupi na teke litampiga usoni.

La pili ni kimo cha sehemu ya shavu. Shavu likishatulia, jicho lake lione utepe wa juu ya mtutu kwa kuupitia, lisizame nyuma ya chuma wala lisiutazame kutoka juu sana. Bunduki yenye sehemu ya shavu inayopandishwa na kushushwa ndiyo inayofaa michezo mingi, kwa sababu unaweza kuirekebisha kwa trapu leo na kwa skiti kesho.

La tatu ni ukuaji. Chagua kitako kinachoongezewa vipande. Kijana wa miaka 13 anaweza kurefuka sana kabla hajamaliza shule, na kununua vipande vya kuongeza ni rahisi kuliko kununua bunduki nyingine.

Kwa wasichana, tazama pia pembe ya mwisho wa kitako. Vitako vingi vimepimwa kwa kifua cha mwanaume, na ncha ya chini huwachoma wasichana. Fundi wa bunduki hurekebisha hilo, na mpira laini wa kitako husaidia.

Usisahau jicho tawala. Mwambie mtoto anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja viwili na kutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo tawala. Mtoto anayetumia mkono wa kulia lakini jicho lake la kushoto ndilo tawala atapata tabu. Bora kocha ajue mapema, kwa sababu huenda akamshauri ajifunze kulengea bega la kushoto, na hilo hubadilisha bunduki utakayonunua.

Choki: siri ya bunduki moja kwa michezo mingi

Choki ni kipande kifupi cha chuma kinachofungwa ndani ya mdomo wa mtutu. Hubana marisau yasisambae haraka. Kisahani cha trapu hupasuliwa kikiwa kimeshakwenda mbali, hivyo kinahitaji choki ya kubana zaidi. Cha skiti hupita karibu, kwa hiyo choki iwe wazi. Mchezo wa porini hukaa katikati.

Bunduki yenye choki za kubadilishwa, mtutu wa sentimita 71 hadi 76, utepe wa juu usioinuka sana na kitako cha kurekebishwa itamtosha mwanao kwa michezo yote mitatu. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia muuzaji. Akianza kukuonesha nakshi za dhahabu ubavuni, rudia sentensi yako.

Masikio hayaoti upya

Mlio wa shotigani hupita desibeli 150. Sauti ya ghafla inayozidi 140 inaweza kuumiza usikivu papo hapo. Vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Mtoto akilalamika masikio yanapiga kelele usiku baada ya mazoezi, ujue kinga yake haikutosha.

Kinga bora ni mbili kwa pamoja: vizibo laini ndani ya sikio, na vifuniko juu yake. Vipo vifuniko vya umeme vinavyoruhusu sauti ya kocha na kuzuia mlipuko, na kwa wanaoanza vinafaa sana kwa kuwa amri za usalama husikika.

Kwa familia zetu kuna la ziada. Misuko minene, kilemba au hijabu iliyokunjwa mara nyingi chini ya kifuniko huacha mwanya, na sauti hupita hapo. Mikono minene ya miwani hufanya vivyo hivyo. Binti anayevaa hijabu aanze na vizibo vya ndani vilivyoingia sawasawa, kisha kifuniko kikae moja kwa moja juu ya sikio na hijabu ipite juu yake.

Macho yavae miwani ya plastiki ngumu iliyothibitishwa kwa kazi hiyo. Vipande vya visahani na marisau yanayorudi hayachagui mchezaji na mtazamaji. Wewe uliyekaa kwenye benchi na mdogo wake aliyekuja kushangilia vaeni pia, macho na masikio.

Vumbi usilolileta nyumbani

Marisau mengi bado hutengenezwa kwa madini ya risasi, na moshi wa risasi inapolipuka nao hubeba madini hayo. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo unaokua, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Uwanja wa wazi una hatari ndogo kuliko ukumbi uliofungwa, lakini kanuni ni zilezile. Mtoto asile wala kunywa akiwa kwenye mstari wa kulenga. Asiweke ganda mdomoni. Anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Akifika nyumbani avue viatu nje, abadili nguo na zifuliwe peke yake. Kama ana mdogo anayetambaa, hili ni muhimu maradufu. Mchezaji wa mara kwa mara, au familia inayojitengenezea risasi upya nyumbani, imwombe daktari kipimo cha damu.

Itakaa wapi?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Tangu mwaka 2020, silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana nchini Marekani, zikizidi ajali za magari. Chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kinasema nyumba iliyo salama zaidi ni isiyo na bunduki. Kama ipo, iwe tupu na imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungwe mahali pengine.

Wazazi wengi wakisikia hivyo hufikiria mtoto mdogo anayechezea kifyatulio. Hatari hiyo ipo. Lakini kwa nyumba yenye kijana wa miaka 15 kuna hatari nyingine ambayo jamii zetu huizungumza kwa kunong'ona: kujiua. Vijana wanaojiua kwa bunduki, mara nyingi hutumia ile ya nyumbani kwao. Kati ya wazo na tendo huweza kupita dakika chache tu, na tofauti na njia nyingine nyingi, bunduki mara chache humwachia mtu nafasi ya pili. Kijana anayefaulu darasani na kucheka na wenzake naye anaweza kuwa na sonona. Kijana aliyehamishwa nchi, anayebeba matumaini ya ukoo mzima, ana mizigo ambayo huenda hajakuambia.

Kwa hiyo bunduki na mtoto visiwe na uhusiano nje ya mazoezi. Awe mchezaji hodari wa timu, lakini namba ya kufuli asiijue. Usifiche ufunguo kwenye droo ya soksi; watoto hujua kila droo. Tumia kabati la chuma lililofungwa ukutani, na risasi ziwe kwenye sanduku lenye kufuli lake. Bibi au babu akija kutoka nyumbani kukaa miezi sita, aambiwe kilichomo ndani ya kabati lile na kwamba halifunguliwi kwa ombi la mjukuu.

Mtoto akibadilika, akajitenga, akaacha kula au kulala, akazungumza kuhusu kufa au kuanza kugawa vitu vyake, toa bunduki nje ya nyumba siku hiyohiyo. Muulize kocha au klabu kama wanaweza kuihifadhi kwa mujibu wa sheria za jimbo lenu. Kisha muulize mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Marekani namba 988 hupokea simu na ujumbe saa 24.

Karatasi zako kwanza

Sheria ya shirikisho la Marekani inawakataza kumiliki na hata kushika silaha watu wasio na kibali halali cha kuishi nchini humo. Inawakataza pia wengi wenye viza za muda, kama za masomo, kazi au matembezi, isipokuwa waliotimiza masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, mradi hana zuio jingine. Kosa hapa si la faini tu: linaweza kuharibu safari nzima ya uhamiaji ya familia. Kama hadhi yenu bado inashughulikiwa, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla mtoto hajashika bunduki ya kuazima, achilia mbali kununua.

Dukani utajaza fomu ya serikali. Jibu la uongo ni kosa la jinai. Fomu inauliza pia juu ya matumizi ya bangi, na inaonya kwamba sheria ya shirikisho haijali kama jimbo lako limeiruhusu. Muuzaji mwenye leseni hamuuzii shotigani aliye chini ya miaka 18. Mnunuzi na mwenye dhamana ni wewe mzazi. Usimnunulie jirani wala binamu asiyeruhusiwa.

Shule hazitaki kuiona bunduki kwenye viwanja vyake. Mazoezi hufanyika klabuni, na ligi humtaka kila mwanafunzi awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Safari iwe kutoka kabatini hadi klabuni na kurudi, bunduki ikiwa tupu ndani ya kasha lililofungwa, nyuma ya gari, bila kupitia dukani wala kwa rafiki. Mzazi wa kijana mweusi hahitaji kuelezwa kwa nini mwanae asionekane akitembea barabarani na kasha la bunduki. Mpeleke mwenyewe, mrudishe mwenyewe.

Hesabu ya mwisho

Bunduki ni sehemu moja tu ya gharama. Kabati la chuma, vifuniko vya masikio, miwani, ada ya klabu na risasi hufuata. Ligi huwa na visahani 50 kwa wiki, yaani pakiti mbili za risasi 25, na pakiti moja mara nyingi huwa dola 10 au zaidi. Kama fedha inatosha bunduki lakini haitoshi kabati, basi bado haijatosha bunduki.

Ukimwambia mwanao "bado", mpe sababu na muda: msimu mmoja wa bunduki ya timu, kisha tutazungumza. Ukimwambia "ndiyo", nenda naye darasa la usalama ukakae kiti cha pembeni, ujifunze kufungua chemba na kuhakiki kwamba ni tupu. Mzazi asiyejua kuitambua bunduki tupu hawezi kuilinda nyumba yenye bunduki.